Dawa ya miale: Kwa nini mgonjwa wa tezi hulala peke yake

Swali lililoletwa katika kliniki yangu hapa Ruring'u na mama mmoja wa makamo linafaa kujibiwa gazetini, maana si yeye peke yake anayejiuliza. Mama huyu alikuwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono ilimtetemeka, na alizidi kukonda ijapokuwa alikula vizuri. Alitumia vidonge kwa karibu miaka miwili bila kupona, kisha akatumwa Nairobi, ambako alimezeshwa kidonge kimoja tu cha iodini yenye miale.

Alirudi nyumbani na karatasi ya masharti: asilale na mtu, asimpakate mjukuu, asikae karibu na mwanamke mja mzito. Hapo jamaa wakagawanyika. Mama mkwe alishauri apelekwe akaishi peke yake kwenye nyumba ya shambani kwa muda wa miezi sita. Mumewe naye aliona karatasi hiyo ni upuzi, akasema dawa ikishamezwa imemezwa. Basi mama akaja kwangu siku ya nne, akaketi mbali na meza yangu bila kuambiwa, akauliza, "Daktari, sumu hii itaisha lini? Na nikinywa maziwa mengi haitatoka upesi?"

Mama mkwe na mume wote wawili walikosea, kila mmoja kwa njia yake. Ili msomaji aone kwa nini, ni lazima tuingie kidogo ndani ya atomi. Nawasihi wale walioiacha fizikia kidato cha pili wasifunge gazeti.

Mafahali katika zizi moja

Vitu vyote, kuanzia mawe ya Mlima Kenya hadi damu yako, vimeundwa kwa atomi. Katikati ya kila atomi mna kiini, na ndani ya kiini mna chembe za aina mbili: protoni, ambazo zina umeme, na nyutroni, ambazo hazina. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa atomi jina lake. Yenye protoni 53 ni iodini, yenye 27 ni kobalti, yenye 19 ni potasiamu, hata kama nyutroni zake ni nyingi au chache.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Protoni nazo zina tabia hiyo hiyo, kwani umeme wa aina moja hufukuzana. Sasa fikiria mafahali 53 waliofungiwa ndani ya zizi dogo kupita chochote unachoweza kukiona kwa darubini. Kinachowazuia wasitawanyike ni nguvu nyingine, kubwa kushinda ile ya umeme, lakini ambayo hufanya kazi pale tu chembe zinapokaribiana sana. Nyutroni husaidia hapa: zinaongeza nguvu hiyo ya kushikana bila kuongeza ugomvi.

Viini vidogo, kama vile vya kaboni na oksijeni tunayovuta, hutulia vikiwa na karibu nyutroni moja kwa kila protoni. Vikubwa huhitaji wasuluhishi zaidi. Aina moja ya risasi iliyo ya kawaida kabisa ina protoni 82 na nyutroni 126. Lakini nyutroni nazo zikizidi kipimo, mizani hupinduka upande wa pili na kiini hukosa utulivu vile vile.

Atomi za kitu kimoja zenye protoni sawa lakini nyutroni tofauti huitwa isotopu. Iodini iliyo katika chumvi ya jikoni kwako ina nyutroni 74. Ukizijumlisha na protoni 53 unapata 127, na ndiyo maana huitwa iodini-127. Hiyo imetulia, na itabaki hivyo leo na hata milele. Iodini aliyomezeshwa mgonjwa wetu ni iodini-131, yenye nyutroni nne zaidi, na nne hizo ndizo zinazoharibu mambo.

Kiini cha iodini-131 hujitafutia utulivu hivi: nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, na papo hapo elektroni hurushwa nje kwa kasi kubwa. Protoni zikishakuwa 54, atomi hiyo si iodini tena. Imekuwa xenoni, hewa isiyoshikana na kitu chochote mwilini na isiyo na miale. Aghalabu pamoja na elektroni hutoka pia mwale wa gama, unaofanana na ule wa eksirei.

Elektroni ndiyo dawa. Husafiri chini ya milimita moja hivi, au milimita mbili ikienda mbali sana, na hapo njiani huziua chembe za tezi zilizo jirani. Mwale wa gama hautibu sana. Wengi hupenya na kutoka nje ya mwili. Mwale huo ndio unaoonwa na kamera ya hospitali inapopiga picha ya tezi, na ndio pia unaomfikia mjukuu aliyepakatwa.

Tezi haijui tofauti

Huenda ukauliza inakuwaje dawa iliyomezwa tumboni ifike shingoni na kuacha sehemu nyingine. Jibu ni kwamba tezi ya shingo, ambayo madaktari huiita thairoidi, ina njaa ya iodini kuliko kiungo kingine chochote, kwa sababu huitumia kutengeneza homoni zake. Haina uwezo wa kuhesabu nyutroni. Kwake iodini ni iodini, na huinyakua yoyote ipitayo katika damu.

Njaa hii si ngeni kwetu. Katika nyanda za juu kama zetu mvua imeosha iodini kutoka kwa udongo kwa karne nyingi, na wazee wanakumbuka jinsi rovu lilivyoonekana shingoni mwa watu wengi. Tezi iliyokosa iodini huvimba ikijaribu kukamata kile kidogo kinachopatikana. Ndiyo sababu serikali ya Kenya ililazimisha chumvi itiwe iodini kuanzia mwaka wa 1978. Na ndiyo sababu pia mgonjwa wa saratani ya tezi huambiwa apunguze chumvi hiyo wiki moja au mbili kabla ya kumeza dawa ya miale: tezi iliyoshiba haitakula.

Daktari Saul Hertz wa Boston, Marekani, ndiye wa kwanza kuitumia njaa hii kumtibu mgonjwa kwa iodini ya miale, mwezi Machi 1941. Miaka 45 baadaye dunia iliona upande wa pili. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka Aprili 1986, iodini-131 ilianguka juu ya nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Maelfu ya watoto wa Ukraine, Belarus na Urusi walipata saratani ya tezi miaka iliyofuata. Majirani wao Poland waliwapa watoto zaidi ya milioni 10 iodini ya kawaida, ili tezi zao zishibe kabla ile mbaya haijafika.

Kwa hivyo sikatai neno "sumu" alilolitumia mama yule. Ni sumu iliyopimwa na kuelekezwa mahali panapohitajika, kama dawa nyingi nilizo nazo kabatini.

Saa isiyosikia amri

Sasa tufike kwenye swali lenyewe: itaisha lini?

Chukua sarafu 1,000 za shilingi moja uzirushe sakafuni. Zile zilizoangukia upande wa nembo, ziondoe. Zitabaki karibu 500. Zirushe tena, zitabaki kama 250, kisha 125, na kuendelea. Huwezi kutabiri ni sarafu ipi itaondoka, lakini jumla yake unaweza kuitabiri vizuri sana. Tena sarafu haichoki wala haizeeki: ile iliyonusurika mara tano haina hatari zaidi wala nafuu zaidi katika mrusho wa sita.

Atomi zenye miale ndivyo zilivyo. Muda unaohitajika ili nusu yake zigeuke huitwa nusu-maisha. Kwa iodini-131 ni siku nane. Baada ya siku nane imebaki nusu, siku 16 robo, siku 24 sehemu moja kati ya nane. Ukifika siku 80, yaani mirusho kumi, imebaki takriban sehemu moja kati ya elfu moja.

Hakuna kinachobadilisha hesabu hiyo. Ukiichemsha, ukiigandisha, ukiichanganya na maziwa au mitishamba, kiini hakisikii. Joto na kemikali huchezea elektroni zilizo pembeni mwa atomi; zizini hazifiki. Nimewahi kumwona mgonjwa aliyetumia pesa nyingi kununua dawa ya "kusafisha miale". Pesa hizo zingemfaa kwa nauli.

Hata hivyo mama yule hakukosea kabisa kuuliza juu ya kunywa. Mwili una njia yake ya pili ya kuondoa iodini, nayo ni mkojo. Ile isiyonyakuliwa na tezi hutoka zaidi katika siku mbili za kwanza. Kwa hivyo maji mengi husaidia, si kwa kuua miale, bali kwa kuitoa nje. Maziwa hayana ubora wowote kuliko maji.

Basi miezi sita ya mama mkwe ilikuwa ya bure. Lakini mume naye alikuwa akimweka mjukuu hatarini, kwa sababu siku za kwanza ndizo zenye miale mingi. Muda wa masharti hutegemea kipimo alichopewa mtu: kwa wengine ni siku chache, kwa wengine wiki tatu au zaidi, na kwa watoto wadogo na waja wazito huongezwa. Tezi za watoto huumia kwa urahisi zaidi. Hospitali iliyokupa dawa ndiyo inayojua kipimo chako, na karatasi yake ndiyo ya kufuatwa, wala si ya jirani aliyetibiwa mwaka jana.

Kinga kubwa ni umbali. Ukiondoka mita moja ukaenda mbili, miale inayomfikia mwenzako hupungua hadi karibu robo. Kumwamkia mtu mlangoni hakuna neno. Kulala kitanda kimoja saa nane usiku kucha ni jambo lingine. Tumia kikombe chako, nawa mikono vizuri, nguo zako zifuliwe peke yake. Chooni, wanaume nao wakojoe wakiwa wameketi, na maji yamwagwe mara mbili. Wenye choo cha shimo wasiwe na wasiwasi: iodini iliyomo humo inaendelea na hesabu yake ile ile ya siku nane.

Jambo ambalo karatasi nyingi hazilitaji ni matatu. Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150, na katika gari la abiria 14 utasongamana bega kwa bega na mtu usiyemjua kwa saa mbili au tatu, na huenda mtu huyo ni mja mzito. Waulize wahudumu kabla ya kumeza dawa, si baada, utarudi nyumbani kwa njia gani. Ukipata gari la jamaa, keti nyuma, upande usio wa dereva.

Mwanamke mwenye mimba hapewi dawa hii kamwe, kwani tezi ya mtoto tumboni huanza kunyakua iodini karibu na mwisho wa mwezi wa tatu. Anayenyonyesha huachisha mtoto wiki kadhaa kabla, wala hamrudishi mtoto huyo titini. Na baada ya matibabu, angoje angalau miezi sita kabla ya kushika mimba.

Si kila chenye miale ni cha kukimbiwa

Watu hudhani kitu chenye nusu-maisha ndefu ndicho kibaya zaidi. Mara nyingi ni kinyume. Kinachodumu sana hutoa miale polepole.

Potasiamu iliyo katika ndizi, maharagwe na viazi vyetu ina sehemu ndogo sana, kama atomi moja katika kila 8,500, ya isotopu iitwayo potasiamu-40. Nusu-maisha yake ni miaka bilioni 1.25. Mtu mzima wa kilo 70 anayo mwilini kiasi cha kutoa miale zaidi ya mara 4,000 kila sekunde, tangu kuzaliwa hadi kufa, naye hajui. Potasiamu hiyo hiyo ikiwa ndani ya majivu ya volkano hugeuka polepole kuwa hewa ya agoni, na kwa kuipima wataalamu walitangaza mwaka wa 1961 kwamba fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1959 lilikuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Saa isiyosikia amri ina faida zake.

Dawa isiyongoja

Hapa ndipo ninapowasihi wagonjwa wangu. Kenya haina mtambo wa nyuklia wa kutengeneza iodini-131. Huletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Afrika Kusini, kwa mfano, huitengeneza katika mtambo wa Pelindaba. Tangu inapopakiwa inapungua kwa asilimia 8 hivi kila siku, ikiwa angani, ikiwa kwenye forodha, ikiwa kabatini. Hakuna friji inayoizuia. Mgonjwa aliyepangiwa Jumatatu akaja Jumamosi, dawa iliyoagizwa kwa jina lake imepoteza zaidi ya theluthi. Huenda ikawa haimtoshi tena, na yeye kurudishwa kwenye foleni. Ikiwa nauli imekosekana, piga simu mapema, ili mwingine aitumie.

Isotopu nyingine zina haraka zaidi. Florini-18, inayotumiwa katika picha za kutafuta saratani, ina nusu-maisha ya dakika 110 tu. Ndiyo maana hospitali kama Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zilijenga mashine ya kuitengenezea papo hapo Nairobi. Ikitumwa kwetu kwa gari la saa tatu, itafika chini ya theluthi moja.

Kobalti-60, ambayo kwa miaka mingi imekuwa tegemeo la kutibu saratani kwa miale katika nchi zetu, ina nusu-maisha ya miaka 5 na miezi mitatu. Hiyo inaonekana ndefu, lakini fikiria mashine ambayo ikiwa mpya humtibu mgonjwa kwa dakika mbili. Baada ya miaka mitano hivi humhitaji dakika nne ili apate kiasi kile kile, na baada ya kumi, dakika nane. Mashine haijaharibika, wahudumu hawajawa wavivu, lakini foleni imekuwa ndefu mara nne. Anayepanga bajeti ya hospitali bila kutenga pesa za kobalti mpya hajaisoma saa.

Uganda waliyaonja machungu ya kutegemea mashine moja. Ile ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, iliyowekwa mwaka wa 1995, iliharibika mwaka wa 2016 kiasi cha kutoweza kutengenezwa. Hapakuwa na nyingine nchini. Baadhi ya wagonjwa waliletwa Nairobi, na wengi hawakuweza kusafiri. Mashine mpya ilizinduliwa mapema mwaka wa 2018. Saratani ya mlango wa kizazi haingoji miaka miwili.

Mashine iliyozeeka nayo haitupwi ovyo. Mwaka wa 1987 katika mji wa Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia hospitali iliyohamwa, wakachukua mashine ya miale na kuiuza kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na sizi-137, yenye nusu-maisha ya miaka 30, unga uliong'aa rangi ya samawati gizani. Watu waliugawana kwa jamaa kama kitu cha thamani. Wanne walikufa, mmoja wao msichana wa miaka sita. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu wa hapa Nyeri na Karatina wanaosoma ukurasa huu wajue alama ya majani matatu meusi juu ya rangi ya manjano. Ukiiona kwenye chuma kizito ulicholetewa, usikifungue. Sogea mbali na upige ripoti kwa polisi au kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2019.

Kwa aliyemaliza siku zake za masharti kuna mambo mawili yaliyobaki. Mitambo ya usalama katika viwanja vya ndege ina uwezo wa kugundua iodini-131 hata miezi mitatu baada ya matibabu, wakati ambapo haiwezi kumdhuru mtu yeyote, kwa hivyo anayesafiri abebe barua ya hospitali. La pili ni kwamba tezi iliyopigwa na miale mara nyingi hulala kabisa baada ya miezi michache. Mgonjwa aliyekuwa amekonda huanza kunenepa, kuhisi baridi, kusinzia mchana na kufunga choo. Damu ipimwe wiki nne hadi nane baada ya dawa, kisha tena na tena katika mwaka wa kwanza. Ikionekana homoni zimepungua, atapewa vidonge vya thairoksini, kimoja kila asubuhi kabla ya chai, na wengi huvitumia maisha yao yote.